Nusu iliyobaki kavu

Tuta lilikuwa la mita 10 kwa 1.2, na miche ya vitunguu ilikuwa kitaluni, imebakiza wiki 5 kuhamishwa. Vitunguu ni wanyonge mbele ya magugu: majani yake membamba hayatupi kivuli cha kuyazuia. Nikafyeka hadi usawa wa ardhi bila kulima, nikaanza kumwagilia ili mbegu za magugu ziote, kisha niyafunike yafe kabla ya kupanda. Mpira wa maji ukaishia katikati ya tuta. Nikaona uvivu kubeba ndoo, nikatandika plastiki nyeusi juu ya tuta zima.

Kingo nilizifukia kwenye mfereji wa sentimita 15. Mawe peke yake hayafai, maana upepo ukipata upenyo huinua plastiki, mwanga ukaingia. Plastiki angavu, inayopitisha mwanga, sikuitaka; yenyewe hutegemea jua kali la kuupika udongo, na siku za mawingu hugeuka kitalu cha magugu.

Siku ya 35 nikafunua. Upande uliolowa ulijaa nyuzi nyeupe zilizonyauka: mbegu zilikuwa zimeota gizani, miche ikarefuka kutafuta mwanga, akiba ikaisha, ikafa. Upande mkavu haukuwa na kitu, safi kabisa, na mimi nikaufurahia kuliko ule mwingine! Kumbe mbegu za huko zilikuwa zimelala tu. Giza huua mche ulioota. Mbegu kavu haliidhuru.

Ndago ndiyo iliyonidharau pande zote mbili. Ncha zake zilitoboa plastiki kama sindano, na vile viazi vyake vya chini vina akiba ya kungoja zaidi ya wiki 5. Kwenye ncha ya upande uliolowa nikazichimbua kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 20, nikaokota viazi kimoja kimoja. Kwingine sikugusa udongo. Miche niliipanda kwenye vitobo vya kijiti.

Nilipoanza kumwagilia tuta lote, haikupita siku 8, nusu kavu ikawa kijani hata mistari ya vitunguu ikapotea. Hiyo niliipalilia kwa mkono mara 4. Nusu iliyolowa nilipitia mara 1, tena pale pale nilipochimbua ndago, kwa sababu uma ulikuwa umepandisha juu mbegu zilizozikwa chini ambazo hazikuwa zimeota.