Swali la nyuma ya zahanati

Ilikuwa Tandahimba, Mtwara, mwezi wa saba, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, yani kijiji kizima kinanuka salfa mpaka fomu zetu. Jina la kijiji sitaji. Kazi yangu kwenye ule mradi haikuwa kutoa damu, mi nilikuwa mtu wa maadili, nahakikisha mtu anaelewa kile anachokiwekea dole gumba. Tulikuwa tunafuatilia vinasaba vya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: mwenye kimoja tu haumwi, na malaria kali haimpati kirahisi, ndio maana kimejaa kwenye maeneo yetu haya ya mbu, ila mtoto akirithi viwili, kimoja kwa baba kimoja kwa mama, ndio anaumwa. Kwahiyo tulitaka damu ya wote watatu. Mkutanoni nikaeleza vizuri tu (nilidhani), nikamalizia kwa mbwembwe "na majibu yote mtapewa!" watu wakapiga makofi.

Jioni nafunga boksi la sampuli, mama mmoja akanifuata nyuma ya zahanati, mtoto mgongoni.

"Dada, ulisema lazima itoke kwa baba na kwa mama?"

Nikasema ndio. Akanyamaza, akamkaza mtoto kwenye kanga.

"Sasa kama kwa baba haipo?"

Nilihisi jasho. Tungeona kuwa mumewe siye aliyemzaa mtoto, hilo ndo jibu la kweli, na fomu yetu ya kurasa nne iliyopita kamati ya maadili haikuwa na hata mstari mmoja juu ya hilo. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba inaweza kuonekana, na kwamba mzee wake asitoe damu kwanza. Kumpigia kiongozi wangu akasema hilo sio lengo la utafiti. Sawa, ila wa kuachika ni yule mama sio yeye. Tukabishana mpaka salio likakata. Mwisho damu za kina baba zikasimama, nikaandika marekebisho, yakarudi kamati, wiki zikaenda, dereva kila siku ananiuliza posho.

Tuliporudi fomu ilikuwa na mstari mpya, habari za nani kazaa na nani hatutazitafuta wala kumwambia mtu. Yule mama akaja na mtoto na kaka yake. Kwa Wamakonde mjomba ana neno zito kwa watoto wa dada yake, sisi wataalamu tulikuwa tumemwekea nafasi ya shahidi tu, chini kabisa. Akataka nimsomee ule mstari mara mbili, akamwangalia dada yake, akauliza wino uko wapi.

Kwenye nafasi ya baba nikaandika "hakushiriki".