Cheo kilikuwa changu, uongozi ulikuwa kwa wengine

Nilipokabidhiwa kuratibu kikundi cha kujitolea kinachofundisha watu wazima kusoma na kuandika, niligundua upesi kwamba uongozi ulishagawanywa kabla sijafika, bila kura wala azimio. Mwalimu mmoja mstaafu akishasema, mjadala unakwisha. Mama mshonaji ndiye aliyepigiwa simu jioni ya kuamkia kikao, watu wakitaka kujua hoja fulani itapita au haitapita. Vijana wetu wa kompyuta, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, walitumwa kupanga viti na kuwasha projekta. Mwenzetu kiziwi, fundi seremala, alihudhuria kila mara na mkalimani wa lugha ya alama, lakini katika kumbukumbu za vikao vilivyopita sikuona maoni yake hata mahali pamoja. Tulikuwa watu wa dini mbalimbali, lugha za nyumbani mbalimbali, na umri wa kupishana kama babu na wajukuu.

Niliazimia nisibadilishe kitu mpaka nijue nani anafanya nini hasa. Mwaka 1948 watafiti wa vikundi, Kenneth Benne na Paul Sheats, waliyapanga majukumu ya wanakikundi katika mafungu matatu: yanayosukuma kazi, yanayojenga na kulinda uhusiano, na yale ya mtu kujitafutia makuu yake mwenyewe. Nikachora jedwali la namna hiyo kwenye daftari. Anayeleta wazo, anayeuliza, anayefafanua, anayepatanisha, anayempisha mwenzake aseme, anayezuia: kila lilipotokea jambo niliweka alama mbele ya jina, kikao baada ya kikao. Sikumhukumu mtu, nilihesabu tu.

Alama zilinionyesha mambo ambayo macho peke yake yasingeyaona. Mawazo mengi mapya yalitoka kwa wale vijana wawili, ila yalikubaliwa pale yaliporudiwa na mtu mzima, na katibu akayaandika kwa jina la huyo mtu mzima. Karibu upatanisho wote ulifanywa na mama mshonaji, na haukuandikwa popote, kwa sababu kumbukumbu huandika maazimio, haziandiki nani aliyewatuliza watu mpaka azimio likapatikana.

Mwanasosholojia Joseph Berger na wenzake waliieleza hali hii vizuri katika utafiti wao kuhusu hadhi na matarajio. Watu wakikutana kwa kazi moja, huanza kukisia nani ana uwezo kwa kutazama umri, jinsia, elimu na kazi ya mtu, hata kama mambo hayo hayahusiani na kazi iliyopo. Anayetarajiwa kujua hupewa nafasi ya kusema, akisema husikilizwa, na kusikilizwa kwake kunageuka ushahidi kwamba kweli anajua. Mwalimu wetu alifundisha watoto maisha yake yote na heshima yake ni ya haki kabisa. Lakini mtu mzima anayeanza kusoma ana hofu na haraka ambazo mtoto hana, na wanaozijua walikuwa wamekaa kimya pembeni.

Suala lililotubana wakati huo lilikuwa wanafunzi kupungua. Mwalimu alipendekeza tuite majina kila somo na kuongeza kazi za nyumbani, na vichwa vilikuwa vimeanza kutikisika kukubali. Hapo nilitumia somo nililolipata kwa Garold Stasser na William Titus, waliotoa utafiti wao mwaka 1985. Waliwapa wanafunzi wa chuo, katika makundi ya watu wanne, kazi ya kumchagua mgombea, huku habari za wagombea zikiwa zimegawanywa ili kila mtu awe na kipande chake. Walieleza kwamba makundi huelekea kuzungumza zaidi yale ambayo kila mtu anayo tayari. Kile alichokijua mtu mmoja peke yake kilibaki naye, na mgombea aliyekuwa bora kwa habari zote zikijumlishwa hakuchaguliwa na wengi.

Kwa hiyo niliomba kila mmoja aandike kwenye karatasi jambo analolijua kuhusu wanafunzi ambalo anadhani wenzake hawalijui. Si maoni, ni kile alichokiona au kukisikia. Tulizisoma zote kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutoa pendekezo. Mama mshonaji aliandika kwamba wanawake kadhaa huondoka mapema kwa sababu saa ya somo inagongana na saa ya kuwachukua watoto. Fundi seremala aliandika kwamba baadhi ya wanafunzi wa nyuma hukunja macho wakitazama ubao, kisha hunakili daftari la jirani. Kwa maoni yake hawaoni vizuri. Yule binti wa kompyuta aliandika kwamba wanafunzi waliomfuata walitaka kwanza waweze kusoma ujumbe kwenye simu zao wenyewe. Tulibadilisha saa, tukawasogeza watu mbele, tukaanza na maneno wanayokutana nayo kwenye simu. Habari hizi zote zilikuwa ukumbini siku zote.

Kabla ya kikao hicho nilikwenda kumwona Mwalimu, maana kumshtukiza mzee mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na asiyeheshimiwa hasaidii. Nilimwambia, “Mwalimu, nakuomba uwe msemaji wa mwisho.”

Akanitazama. “Unaninyamazisha, mwanangu?”

“Hapana, Mwalimu. Ukishasema wewe, hakuna anayethubutu kuongeza. Nataka watoe walichonacho, kisha utupimie.”

Akakubali, na alipima kwa uangalifu kuliko mtu yeyote. Naamini mpango huu unafaa popote umri unapoheshimiwa: heshima inabaki palepale, lakini inasogezwa mahali ambapo haifungi midomo ya wengine.

Kwa fundi seremala tatizo lilikuwa la muda. Tafsiri ya lugha ya alama huchelewa sekunde chache nyuma ya msemaji. Watu wanapodakiana maneno, anayeipokea anafika kwenye hoja wakati wengine wameshaihama. Tukaweka utaratibu: nyosha mkono, uitwe jina, subiri kidogo ndipo useme, na ukimwuliza swali mtazame yeye, si mkalimani. Waliofaidika hawakuwa yeye tu. Wenzetu ambao lugha ya kikao si lugha yao ya kwanza nao walianza kuchangia.

Tulijaribu pia kumpangia mtu mmoja kila kikao kazi ya kupinga. Haikufika mbali. Anayepinga kwa kupangiwa kila mtu anajua hamaanishi, na hoja zake hupita kama upepo. Tuliacha, nikawa nauliza tu, “Nani ana shaka ya kweli?” na kungoja, hata ukimya uwe mrefu kiasi gani.

Nilimuuliza mama mshonaji kama angependa cheo cha mpatanishi. Akasema, “Niache hivi hivi, mwanangu. Ila mniondolee kufagia ukumbi.” Nilikuwa sijaliona hilo kwenye jedwali langu: kazi za usafi zilikuwa zimewaangukia wanawake, na hakuna aliyezipanga. Sasa zina zamu, kama uandishi wa kumbukumbu na uendeshaji wa kikao zilivyo na zamu.

Wapo waliodai kwamba taratibu hizi ni nyingi mno, kwamba watu waachwe tu wajiongoze. Watafiti Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walilinganisha mitindo ya uongozi katika vikundi vya wavulana wa miaka 10, na matokeo ya majaribio yao ya miaka ya 1930 yanafahamika: chini ya kiongozi wa kuamrisha, kazi ilishuka alipotoka chumbani, chini ya aliyeshirikisha, iliendelea. Walioachwa bila mwongozo hawakufanya mengi. Kikundi kisichotaja majukumu bado kinayo, na huwaendea wale wale ambao umri au kazi zao zimewapa sauti tangu zamani.

Jedwali sijalitupa. Kila wanapoingia wajumbe wapya nalichora upya, kwa sababu mtu mmoja akiongezeka, kila mmoja huhama kidogo kutoka nafasi yake. Mara ya mwisho alama nyingi za kuleta wazo zilikuwa mbele ya jina la Mwalimu tena, na safari hii nyingi kati ya hizo zilikuwa mawazo ya kujengea juu ya maneno ya wale vijana, akiwataja kwa majina.