Jiko linaloweza kufunguliwa: jinsi nilivyobadili bidhaa moja karakana nzima ikabadilika

Watu wakisikia bidhaa rafiki kwa mazingira wanawaza kibandiko cha jani la kijani na bei iliyopanda. Mimi natengeneza majiko ya mkaa, karakana yangu iko Mbagala, Dar es Salaam, kibandiko sina, ila nataka kueleza jinsi uamuzi mmoja tu wa kufanya jiko litengenezeke badala ya kutupwa ulivyonilazimisha kubuni vifaa ambavyo miaka yote ya kugonga bati sikuwahi kuvihitaji. Ntaandika ndefu kidogo maana kila siku kuna mtu anauliza na kusimulia kwa mdomo nimechoka.

Kwanza tuelewane kuhusu jiko lenyewe. Lile la bati tupu, la zamani, joto linalofika kwenye sufuria ni kama asilimia 10 hadi 20 tu, lingine lote linatokea ubavuni linakuunguza miguu. Lile lenye udongo ndani, yaani kile kikombe cha udongo wa kuchomwa kinachokaa mkaa, sisi tunakiita udongo tu, linafikisha kama 25 hadi 40, inategemea na mpishi na sufuria. Hilo la udongo sikuligundua mimi wala fundi yeyote wa huku, lilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakachukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalichanganya na kazi ya mafundi wa jua kali, likatoka na kile kiuno chembamba katikati, likasambaa hadi kwetu, Uganda, Rwanda na kwingine. Kwaiyo suala la kubana mkaa wenzetu walishalifanyia kazi kubwa. Kilichobaki, na hapa ndipo mimi nilipoingia, ni namna jiko linavyokufa.

Nilianza kwa kuwaambia wateja, hasa mama lishe maana wao jiko haliwaki masaa mawili, linawaka kutwa, kwamba ukiwa na jiko bovu usilitupe, niletee nikupunguzie bei ya jipya. Yakaja mengi, nikawa nayapanga nje nayakagua moja moja nini kimeliua. Na jibu karibu lote lilikuwa lile lile: udongo umepasuka, bati bado lina nguvu. Unapasuka kwasababu watu wanazima mkaa kwa maji udongo ukiwa wa moto, au kwasababu umeshikwa na saruji kwenye bati, na bati likipata moto linatanuka kuliko udongo, wanavutana, anayeshindwa ni udongo. Mengine machache yalikuwa yameoza chini, majivu yanaachwa mle ndani yanavuta unyevu, ukiongeza na hewa yetu hii ya chumvi bati linaisha.

Sasa fikiria. Bati ndilo linalokula hela yangu na nguvu yangu, alafu linatupwa likiwa zima kwasababu ya kile kipande cha udongo ambacho ndicho rahisi kuliko vyote. Nikasema basi, udongo uwe unatoka na kuingia, kama betri ya tochi.

Kusema ni rahisi. Saruji ndo ya kwanza iliyobidi iondoke, maana ikishashika huwezi kutoa udongo bila kuvunja na kukunja bati. Badala yake najaza majivu makavu yaliyochekechwa kwenye ile nafasi kati ya udongo na bati, majivu yanazuia joto vizuri sana na hayagharimu kitu, alafu juu naziba na tabaka jembamba la udongo uliochanganywa na majivu, hilo ukiligonga kidogo na kisu linabanduka. Udongo wenyewe unakaa juu ya vidole vitatu vya bati vilivyotoka ubavuni, na juu unashikwa na vilimi vitatu vinavyokunjwa kwa koleo. Mteja mwenyewe anaweza kubadilisha akiwa kwake, ingawa wengi wanapenda kuja tuwafanyie, wanakaa wanapiga stori.

Lakini hapo ndo kazi ilipoanza kweli. Zamani udongo ukija mkubwa kidogo au mdogo kidogo haikunisumbua, saruji inaficha kila kitu. Sasa kama nataka udongo wowote uingie kwenye jiko langu lolote, hata lile nililouza mwaka juzi, lazima zote ziwe saizi moja. Nikaenda kwa mama yetu mfinyanzi, yeye na wenzake ndo wananipa udongo toka zamani, nikampa vipimo kwenye karatasi. Akaviangalia akacheka. "Mwanangu, udongo hausomi rula." Na alikuwa sahihi kabisa, udongo mwingi wa kawaida ukikauka na kuchomwa unasinyaa kama asilimia 8 hadi 12, na unasinyaa tofauti kutegemea umechimbwa wapi na umeloweshwa kiasi gani, kwaiyo kumwambia mtu nataka sentimita 22 kamili ni kumuonea.

Tulichofanya ni vitu viwili. Cha kwanza kalibu, yaani umbo la kufinyangia. Tulifinyanga vipande virefu vya majaribio kutoka kwenye udongo wake yeye, tukachora mistari miwili ya umbali unaojulikana, tukakausha tukachoma, tukapima mistari imesogeleana kiasi gani, basi kalibu ikatengenezwa kubwa kwa kiasi hicho. Cha pili ndo nakipenda zaidi: ringi mbili za nondo nyembamba. Nilimchomelea ringi kubwa na ringi ndogo. Udongo ukitoka tanuruni unaupitisha, ringi kubwa lazima ipite, ringi ndogo lazima igome. Ukipita kote ni mdogo mno, ukigoma kote ni mkubwa mno. Hakuna rula, hakuna kusoma namba, mjukuu wake wa darasa la tatu anakagua mzigo mzima huku anakula muhindi. Viwandani vipimo vya namna hii vipo miaka mingi tu, ila mimi kwenye karakana yangu nilikuwa sijawahi kuona sababu ya kuwa navyo. Sababu ililetwa na jiko.

Zile zinazofeli je? Na zile zilizopasuka ambazo wateja wanarudisha? Hapa ndo palinishangaza mwenyewe. Udongo uliokwisha kuchomwa hausinyai tena, kwaiyo ukiusaga ukauchanganya kwenye udongo mbichi, mchanganyiko mzima unasinyaa kidogo na unavumilia moto na maji zaidi kuliko udongo mtupu. Wafinyanzi wa zamani wanalijua hili, vigae vya vyungu vilivyovunjika vimekuwa vikisagwa toka enzi za mababu, sema kwenye majiko watu walikuwa wameliacha. Sisi tunaweka sehemu moja ya chenga za vigae kwa sehemu nne za udongo, na pumba za mpunga kidogo, zikiungua tanuruni zinaacha vitundu vidogo vinavyopunguza joto kupenya. Pumba ukizidisha udongo unakuwa laini unamomonyoka, kwaiyo usiwe na tamaa. Leo mteja akileta udongo wake uliopasuka namkata bei ya mpya, na si kwa hisani, mimi nauhitaji ule. Mwanzo kijana wangu alikuwa anasaga kwa mchi na kinu cha chuma mpaka mikono inatoka malengelenge, sasa tuna kipande cha bomba kubwa kilichofungwa pande zote na mawe ndani, unakizungusha kwa mkono, vumbi linabaki humo humo. Vumbi la udongo uliochomwa ni baya kwa mapafu jamani, funga kitambaa puani, loanisha.

Bati nalo. Umbo la kiuno ni zuri kwa macho ila ukilifungua kwenye bati linakupa upinde, na pinde mbili ukizipanga vyovyote zinaacha pembe ambazo hazina kazi. Mimi natumia mapipa ya lita 200, ukilifungua unapata bati la karibu sentimita 180 kwa 88, ukitoa kingo zilizokunjwa unabaki na kama 85. Nikaamua jiko liwe la duara lililonyooka, lisiwe na kiuno, alafu upana wake nikauchukua kwenye pipa lenyewe: kipenyo cha 26 na nusu kinataka mzunguko wa 83 na kidogo, ongeza sentimita moja na nusu ya kupandishiana, ndo hiyo 85. Kimo nikaweka 22, basi pipa moja linatoa miili nane na kinachobaki ni utepe tu wa kukatia vilimi na vidole. Matako nane hayatoki kwenye vifuniko viwili vya pipa, mengine natafuta kwenye chakavu. Kuna watu waliniambia jiko limekuwa baya, halina shepu. Sawa, halina shepu, ila udongo wake ni mpana juu mwembamba chini, kwaiyo kule chini pana nafasi pana zaidi ya majivu na ubavu hauunguzi watoto kama zamani. Na kwasababu kila kipande ni mstatili uliolingana, fundi mchomeleaji wa jirani alinitengenezea kinu cha kukunjia, mabomba matatu yanazunguka kwenye bearing chakavu za gari, unaingiza bati tambarare linatoka duara. Kwa umbo la zamani kinu hicho kisingefanya kazi, kila kitu kilikuwa nyundo na jicho.

(Mapipa: chukua ya mafuta ya kula au yale unayojua yalibeba nini. La petroli au la kemikali usilisogeze karibu na moto wala grinda hata kama linaonekana kavu, linalipuka. Mimi nafungua kwa patasi na nyundo, basi.)

Chini nimeweka kitrei cha majivu kinachovutwa nje, na miguu imeinuliwa, ili majivu yasilale kwenye tako. Hilo halina maelezo mengi, ni la kawaida tu ila limesaidia sana kutu.

Sasa maneno ya mtaani. Fundi mwenzangu tuliyejifunza naye kazi alinijia akanikalisha kabisa. "Kaka unajichimbia kaburi, mtu akibadilisha udongo tu, bati utamuuzia nani?" Swali la haki, na nililiwaza sana kabla sijaanza. Ila angalia hesabu: jiko zima linanila bati, riveti, siku ya kijana, na nikiliuza faida ni ndogo kwasababu nashindana na kila mtu anayegonga majiko kando ya barabara. Udongo wa kubadilisha hauna bati, unaingizwa dakika chache, na mteja ananirudia mwenyewe. Mama lishe aliyekuwa ananunua jiko popote anapopita, sasa ana kwao. Mauzo ya majiko mazima yalishuka kidogo kweli, sikatai, ila yale ya udongo yaliziba na kupita.

Alafu nikafanya kitu ambacho yule jamaa anaona ni wazimu hadi leo, nilimpa ringi zangu. Na wengine wawili. Wao wakitengeneza majiko yanayokubali udongo ule ule, mama mfinyanzi anajaza tanuru kila anapochoma badala ya kuchoma nusu, kuni za tanuru ni zile zile, bei ya udongo mmoja inashuka kwetu sote. Ningeificha saizi ningebaki na tanuru nusu na bei juu. Wanaopenda kuficha vipimo wana sababu zao, mimi kwenye hili siwaelewi.

Kuna wanaoniambia kwanini unahangaika na mkaa, serikali ina mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nami nautaka huo mwaka ufike. Lakini nenda kwenye nyumba yenye mtungi wa gesi uangalie, chai na mayai vya gesi, maharage na makande bado jiko liko uani. Muda wote ambao jiko liko uani bora litumie mkaa kidogo na lisitupwe kila baada ya miezi. Na jiko lolote la mkaa, langu likiwemo, usilale nalo wala usilifungie chumbani, ile hewa yake inaua bila harufu.

Huko kwenye nishati ndo kazi yangu ya sasa iliko. Watu wanaanza kutumia mkaa mbadala, ule wa kushindiliwa, na una majivu mengi kuliko mkaa wa mti, matundu ya udongo wangu yanaziba kabla maharage hayajaiva na moto unazimika. Unataka matundu mapana na mlango wa hewa mkubwa zaidi. Zamani ningelazimika kubuni jiko lingine zima, sasa hivi nabadilisha kalibu ya udongo tu, saizi ya nje inabaki ile ile ya ringi, na mwenye jiko langu la zamani akitaka kuhamia mkaa mbadala ananunua udongo wa matundu mapana anaingiza. Mlango ndo bado unanisumbua kidogo, nimeufanya wa kusogeza pembeni ila bati likipata moto linajikunja na kugoma. Mwenye akili ya bawaba nzuri inayovumilia joto karibu karakana, chai ipo.