Baridi ama Moto

Jumapili tulikuwa tunarudi mjini Nairobi kutoka Githurai, matatu ikakwama Allsops kama ilivyo ada, na harufu ya shayiri ikaingia dirishani kutoka upande wa kiwanda cha bia cha Ruaraka. Mwanangu akanusa, akaniuliza, "Mami, ni nani anaoka mkate hapa?"

Sikumjibu. Nilikuwa nisharudi Aprili ya 2020.

Baba alikuja Nairobi kwa kliniki yake ya kisukari, siku mbili tu, na mkoba mmoja wa nguo. Tarehe 6 ikatangazwa hakuna kuingia Nairobi wala kutoka, kwa ajili ya korona, na mzee wa Nyeri akawa mgeni wangu hadi Julai. Alikuwa ametimiza miaka minne bila kuonja pombe. Hilo hatukulizungumza. Tuliliruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi barabarani.

Wiki ile duka letu likaishiwa hamira, maana mtaa mzima ulikuwa umegeuka waokaji. Dada yangu akanitumia maelezo ya mkate usiotaka hamira wala kukandwa: vikombe vitatu vya unga wa ngano, beking pauda vijiko vitatu vya chai, chumvi kimoja, sukari vijiko viwili vya mezani, na bia mililita 355. Bia ndiyo maji, na gesi yake husaidiana na pauda kuuinua unga. Nikamuuliza bia gani. "Yoyote," akaandika. Mtu asiyekunywa ukimwambia yoyote, umemtesa.

Baa zilikuwa zimefungwa tangu Machi, lakini duka la pombe la pale kona lilikuwa likiuza kupitia wavu wa chuma, chukua uende. Nikasimama pale na barakoa, kikapu cha sukuma wiki mkononi ili nionekane mtu wa heshima zake. Nilikuwa nimesomasoma kidogo. Guinness, ile ya asilimia 6.5, ingenipa mkate mweusi wenye harufu ya kahawa iliyokaangwa, ila ingetaka sukari zaidi, tena sukari nguru ikipatikana. Bia yenye hopsi nyingi, yale maua ya kutia uchungu, usiiguse: maji hukauka kwenye oveni, uchungu ukabaki, ukajikuta unatafuna mwarobaini. Laga nyepesi ndiyo salama. Tusker ilikuwa hapo mbele kabisa, tembo wake akinitazama. Tusker ingetosha. Nalisema hili kwa sababu nimejiuliza mara nyingi.

"Nipe White Cap," nikasema.

"Baridi ama moto?"

Mkate hautaki bia ya friji, ni kweli. Lakini jibu langu halikutoka kwenye mkate. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akinikalisha baa na soda yangu, na mhudumu hakuwahi kulimaliza swali hilo. "Moto," Baba alikuwa akimkatiza. Ikishafunguliwa aliigeuza chupa ile lebo initazame, Mlima Kenya na theluji yake, halafu akasema, "Unaona? Tumeshafika nyumbani."

"Moto," nikamwambia yule kijana. "Ni ya mkate."

"Sawa, madam." Akacheka. "Leta na pesa ya chupa. Ukiirudisha, nakurudishia."

Kuoka kwenyewe si kazi. Koroga mara chache tu, madonge yakionekana yaache, mimina siagi iliyoyeyuka juu, nyuzi 190, dakika 50. Iliyonishinda ni hesabu. Chupa yetu ni mililita 500. Nikapima zangu 355, zikabaki 145. Nikazimimina kwenye glasi, nikafunika na kisahani, nikaificha nyuma ya birika. Mbona sikumwaga sinki moja kwa moja? Labda ni ule ubahili wetu wa Nyeri. Labda.

Mkate ulitoka na ganda gumu, linang'aa siagi. Baba akachukua kipande lakini hakukila. Alikipeleka puani akakishikilia pale, mvuke ukapanda ukaziba miwani yake, kioo kimoja kwanza, halafu cha pili. Hakuivua. Tulikaa hivyo, yeye na miwani nyeupe, mimi na kisu mkononi, mtoto akitafuna kwa kelele. (Na mtoto nilimpa, ndiyo. Baadaye ndipo niliposoma kwamba pombe haiishi yote motoni, hata ukioka saa nzima.)

"White Cap," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Baba."

Akauma pembe ya kile kipande, akatafuna polepole kwa upande mmoja, akateremsha na chai. Kisha, bado haoni kitu:

"Na umetia chupa yote, Maitu?"

Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake. Sasa mtu anayekuita mama yake, utamdanganyaje?

"Yote, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba kipande kingine.

Asubuhi nilikuta glasi imeoshwa, imefudikizwa kwenye rafu ya vyombo, kisahani kando yake. Niliinusa. Sabuni tu. Nikanusa na sinki. Sabuni tu. Ile chupa tupu haikuwepo. Baba alikuwa kwenye roshani, barakoa imeshuka kidevuni kama mtu aliyetoka kutembea, anasoma gazeti la jana. Mezani, kando ya birika, palikuwa na pesa ya chupa, kamili, sarafu zimepangwa moja juu ya nyingine.

Sikumuuliza, naye hakusema. Akaniuliza tu kama mkate umebaki.

Bado nauoka. Siku hizi natafuta chupa ndogo, ya mililita 330, naongeza vijiko viwili vya maji. Inaingia yote.