Nyumba Zisizo na Milango

Jumanne, usiku

Nimeirudia picha ya mchoraji Mfaransa Georges Braque, *Nyumba za L'Estaque*. Nilikifungua kitabu mezani baada ya chakula, nikaitazama hadi chai ikapoa.

Nilikuwa natafuta mlango. Hakuna. Dirisha nalo hakuna. Ni kuta na mapaa tu, rangi ya udongo, zimebebana kupanda mlima, majani ya kijani yamejibana katikati yake. Anga nayo haipo. Nyumba zimejaa hadi ukingo wa juu. Picha za mandhari nilizozoea hunichukua zikanipeleka mbali: njia inazidi kuwa nyembamba, milima inafifia. Hii inakataa. Nyumba ya nyuma inanijongelea sawasawa na ya mbele. Tazama na vivuli: ukuta huu una giza upande mmoja, jirani yake upande mwingine, kana kwamba siku hiyo jua lilitoka pande mbili.

L'Estaque iko karibu na Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mchoraji Paul Cézanne alichora hapo miaka mingi kabla. Alifariki 1906, na mwaka uliofuata maonyesho makubwa ya kazi zake mjini Paris yaliwatikisa wachoraji vijana. Kiangazi cha 1908 Braque akaenda mahali palepale. Alikuwa na miaka 26, mtoto wa fundi rangi wa nyumba, naye mwenyewe alijifunza ufundi huo. Hilo nalipenda sana. Mkono uliokwisha kupaka kuta halisi ndio ulioziweka hizi.

Kamati ya Salon d'Automne, maonyesho ya sanaa ya kila mwaka mjini Paris, mchoraji Matisse akiwemo, ilizikataa picha zake za kiangazi kile. Daniel-Henry Kahnweiler akazitundika Novemba katika duka lake dogo la sanaa. Mkosoaji Louis Vauxcelles akaandika kwamba Braque anageuza kila kitu, mandhari, watu na nyumba, kuwa michemraba, *cubes* kwa Kifaransa. Hakuwa anasifu. Lakini jina la kubizimu, mtindo wa kuchora vitu kwa maumbo ya kijiometri, lilichipuka kwenye neno hilo.

Najua wengi huanza hadithi hii na *Les Demoiselles d'Avignon* ya Picasso, ya 1907. Siwapingi, Braque mwenyewe aliiona, na ilimshtua. Ila picha ile ilikaa ndani ya studio, haikuonyeshwa hadharani hadi 1916. Waliopita dukani kwa Kahnweiler mwaka 1908 walikutana na nyumba hizi kwanza. Inaniuma kuona Braque akitajwa kama msaidizi wa Picasso, wakati wawili hao walifanya kazi bega kwa bega hadi vita vya 1914 vilipowatenganisha.

Picha yenyewe iko Bern, Uswisi. Ina sentimita 73 kwa karibu 60 tu. Nimechukua futikamba, nikaweka alama nne za penseli ukutani, juu ya meza. Sitazifuta.