Mikwaruzo mitatu ya bodaboda kwenye IST yangu, na mlango haujapigwa rangi

Naandika hii nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu gari langu linang'aa na nimelitengeneza kwa mikono yangu, hasira kwa sababu ya ushauri niliopewa, maana ningeufuata wote saa hizi ningekuwa na mlango wa rangi tofauti na gari.

Ilikuwa mwezi wa tatu, foleni ya Ubungo, jioni. Bodaboda akajipenyeza kati yangu na daladala, akapita ananikwaruza kuanzia mlango wa nyuma mpaka fenda ya mbele, akanyanyua mkono kama ananisalimia, huyoo. Nimefika nyumbani nimeangalia na tochi ya simu, mikwaruzo mitatu. Gari lenyewe IST ya 2004, silva, nimelinunua kwa kudunduliza miaka minne, kwa hiyo msiniambie ni mkwaruzo tu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi rangi. Hata hajainama kuangalia. "Dada, hapo ni milango miwili na fenda, tunapiga puti, tunapiga rangi sehemu zote tatu, nipe laki mbili na nusu." Puti ya nini wakati bati halijabonyea hata kidogo? Nikamuuliza, fundi, si hata kukwangua kwanza uone? Akasema rangi ikishachubuka imechubuka. Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza watu, na nikagundua kwamba hiyo sentensi yake si kweli kabisa.

Rangi ya gari sio kitu kimoja. Chini kuna bati, juu yake praima, juu ya praima ndio rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna klia, ile isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Mikwaruzo mingi inaishia kwenye klia tu. Utajuaje? Mwagia maji. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na ukirudi ukikauka, huo uko kwenye klia. Halafu pitisha ukucha kwa kuukatiza mkwaruzo, ukucha ukiteleza bila kukwama basi ni wa kung'arisha, ukikwama umeingia ndani. Hii nimeifanya dakika mbili na tayari nilikuwa najua zaidi ya yule aliyetaka laki mbili na nusu: wa mlango wa nyuma mrefu kama mkono ulikuwa wa klia, wa mlango wa mbele ulikuwa umefika kwenye praima unaonekana kijivu, na wa fenda mdogo kama punje ya mchele ulikuwa umefika kwenye bati. Huo mdogo ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote, kwa sababu kwa hewa yetu ya chumvi hapa Dar bati likiwa wazi kutu haichelewi.

Sasa ushauri. Shemeji yangu, na nampenda sana, akaniambia dawa ya meno. Nimepaka, nimesugua, mkwaruzo umepotea kweli, nimempigia hadi simu kumshukuru. Siku mbili mbele nimeosha gari, mkwaruzo huo hapo. Dawa ya meno inakwangua kidogo sana halafu ule ungaunga wake unajaa ndani ya mkwaruzo, ukiosha unatoka. Mwingine akasema kiwi ya viatu isiyo na rangi, hiyo ni kuficha tu. Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi ndio alitaka kuniua, ananipa msasa namba 400, ule mkali, eti nisugue mkavu mkavu. Huo msasa unamaliza klia yote kabla hujajua, na klia ya kiwandani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Nilikataa.

Wa klia ulikuwa rahisi. Msasa wa maji namba 2000, maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu 3000, halafu kompaundi, ile krimu ya kung'arishia rangi, kwa fulana ya pamba kuukuu mpaka mkono unauma. Ukipiga msasa pale mahali panafifia kama kioo chenye mvuke na moyo unashtuka, usiogope, kompaundi inarudisha.

Wa praima ndio ulinitesa. Jaribio la kwanza nilinunua kopo la spree ya silva na lingine la klia, nikasubiri nitoke kazini. Mwezi wa nne huo, masika, mvua imetoka kukatika, hewa nzito, nikasema nawahi kabla haijarudi. Nikapuliza silva, sio mbaya. Nikapuliza klia. Jamani, ndani ya dakika chache mlango ukaanza kuwa mweupe, mweupe kama umepakwa uji wa ngano, sehemu kubwa kama sinia, na kadiri ninavyoongeza klia nikidhani itayeyuka ndivyo unavyozidi. Nililia, sina haja ya kuficha. Baadaye nikaelewa: ile klia ya kopo inapokauka inapoza bati, unyevu wa hewani unanasa ndani yake, ndio ule weupe. Na hata ingekauka vizuri, silva yenyewe haikuwa silva yangu, ilikuwa nyeusi nyeusi ukiiangalia kwa pembeni. Asubuhi nikaitoa yote kwa kitambaa chenye thina kidogo, napangusa mara moja nageuza kitambaa, sikawii mahali pamoja. Rangi ya kiwandani imeokwa, inavumilia mguso mfupi wa thina, ya kopo haivumilii. Palipofifia nikarudisha kwa kompaundi.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Fungua boneti, kwangu kile kibati cha taarifa za gari kiko kwenye ukuta wa nyuma ya injini, mstari wa COLOR kimeandikwa 1F7. Hiyo ndiyo silva yangu. Nikaenda Kariakoo kwenye duka linalochanganya rangi, nikataja namba, wakanichanganyia kichupa kidogo, na klia ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuifanya klia ikaze. Vyote na misasa sidhani kama vilizidi elfu arobaini na kitu.

Na hapa ndio najivunia. Usitumie brashi, hata ile ndogo, inaacha rangi pana kuliko mkwaruzo. Mimi nilichukua njiti ya kiberiti nikaichonga ncha kama kalamu. Nikabandika tepu ya karatasi juu na chini ya mkwaruzo, nikachovya ncha, nikaigusisha mwanzo wa mkwaruzo, rangi yenyewe ikavutwa ndani inafuata mfereji kama maji kwenye jaruba, mimi nafuata tu. Kabla ya hapo nilijaribia kwenye kipande cha kopo la soda na kukipaka klia juu, kwa sababu silva bila klia inadanganya, nikakipeleka juani nikakiweka mlangoni. Inafanana. Nikatia rangi mara tatu, kila mara nasubiri ikauke, nikaacha ikiwa chini kidogo ya usawa wa mlango. Hilo la kuacha chini ni muhimu mno, kwa sababu silva haipigwi msasa, ukiigusa inageuka doa jeusi. Juu yake nikadondoshea klia kwa njiti nyingine mpaka ikavimba kidogo kupita usawa. Asubuhi yenye jua kali, sio jioni, nimejifunza, na barakoa usoni maana hadina sio kitu cha kuvuta puani. Nikaiacha siku tatu. Kisha nikakata ufutio wa shule wa mwanangu, nikauzungushia msasa 2000, nikanyoa ule uvimbe tu polepole na maji, baadaye 3000, kompaundi. Ufutio unakaa bapa, kidole kinachimba.

Ule wa kwenye bati nilikwangua kutu kwa ncha ya msasa uliokunjwa, nikafuta kwa spiriti, tone la praima, mengine yaleyale.

Juzi nimelipeleka kuoshwa, kijana anayeosha kapitisha kitambaa milango yote miwili mara mbili na mimi nimesimama pale, hajasimama popote. Ukisogeza uso karibu na fenda saa sita mchana utaona kanukta, nakajua mimi. Polishi ya nta bado sijapaka, nasubiri mwezi upite rangi ikauke mpaka ndani, na kichupa kilichobaki nimekifunga vizuri nimekiweka kabatini, jirani ana IST yenye 1F7 kama yangu na ubavu wake unahitaji Jumamosi moja.