Siku moja na bahasha ya njano: kazi ya promotora Fresno

Saa 10:30 alfajiri. Mashine ya presha, vijiti vya kupimia sukari, fomu na maji viko garini. Wachumaji zabibu wa hapa California, wengi kutoka Mexico, huanza kazi mapema. Ukichelewa hakuna wa kukusikiliza. Wao wananiita promotora. Ni mhudumu wa afya ya jamii.

Saa 11:30. Presha haipimwi mtu akiwa wima. Akae dakika 5, aegemee, nyayo chini, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara mbili. Wenye kisukari wanaotumia insulini nawauliza zaidi. Kichupa kilichofunguliwa hudumu takriban siku 28 nje ya friji, joto lisipozidi nyuzi 30, na gari lililofungwa juani mwezi huu wa Agosti huzipita kabla ya saa sita. Kiwekwe kwenye kibegi cha barafu, kimezungushiwa kitambaa, maana insulini ikiganda imekwisha. Nawakumbusha pia kivuli: joto likifika nyuzi 27 ni haki yao kisheria, wawe na karatasi za uhamiaji au wasiwe nazo.

Saa 3, nyumba mbili, vipimo vizuri.

Saa 5, simu. Mama wa Oaxaca, jimbo la Mexico, ana bahasha ya njano yenye fomu ya kuhuisha Medi-Cal, bima ya afya ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo. Haijafunguliwa. Tangu Januari 2026 watu wazima wasio na hati za uhamiaji hawaandikishwi upya kwenye bima kamili. Waliomo hubaki wakihuisha kwa wakati. Akikatwa ana siku 90 za kurekebisha. Zikipita, harudi kwenye bima kamili. Ndiyo maana nikiwapigia ofisi ya Medi-Cal siikati simu hata muziki wa kusubiri ukizidi saa nzima. Anapatikana mkalimani wa Kimixteco, lugha ya asili ya mama huyu, lakini hawaelewani: lahaja hubadilika kutoka mji hadi mji. Usiombe lugha tu, taja mji. Tunapanga foleni upya. Wa pili anaelewana naye, ila sasa jina halionekani. Ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na aliyemwandikisha alilichukua la mwisho peke yake. Tafuteni kwa tarehe ya kuzaliwa, nasema. Anaonekana. Fomu inasomwa swali kwa swali, Kiingereza, Kihispania, Kimixteco, kisha jibu linarudi njia ileile.

Naomba namba ya uthibitisho, naiandika juu ya bahasha na tarehe. Bila hiyo, karatasi ikipotea ofisini hatuna ushahidi.

Jua limeshapinda. Chakula cha mchana kiko garini, kimechacha. Kuna bahasha nyingine mtaa wa pili.